Alama za simu darasani: Mbadala wa kiboko au kiboko kipya?

KATIKA shule nyingi za msingi za Afrika Mashariki, mwalimu anapotoka darasani humwachia kiranja kazi inayojulikana na kila aliyewahi kukalia dawati: kuandika majina ya wapiga kelele. Kiranja huchana karatasi katikati ya daftari na kuanza kuandika. Anayeendelea kuzungumza baada ya kuandikwa huongezewa alama mbele ya jina lake. Moja, mbili, tatu.

Mwalimu akirudi, orodha husomwa, waliotajwa husimama mbele na viboko huchapwa. Kisha karatasi hukunjwa na kutupwa. Wiki inayofuata hakuna anayekumbuka ni nani aliyekuwa na alama tatu.

Orodha hiyo sasa ina ndugu yake wa kisasa. Katika madarasa mengi ya Marekani, Uingereza na Australia, mwalimu hutembea kati ya madawati akiwa na simu ya mkononi au kishikwambi chenye majina ya wanafunzi wake wote. Mtoto akimsaidia mwenzake, mwalimu hugusa jina lake, kengele ndogo hulia na alama ya kijani huongezeka. Akimsukuma mwenzake kwenye foleni, alama nyekundu huandikwa. Mzazi aliye kazini anaweza kuyaona yote hayo kabla mtoto hajarudi nyumbani.

Kwa mwalimu anayetafuta njia ya kuongoza darasa bila fimbo, chombo cha namna hiyo kinavutia. Lakini uzoefu wa nchi zilizotangulia kukitumia, pamoja na utafiti wa miaka mingi kuhusu zawadi na adhabu, unaonyesha kwamba simu yenyewe haileti nidhamu. Kinacholeta tofauti ni mambo matatu: kinachoandikwa, nani anakiona, na kinahifadhiwa kwa muda gani.

Programu ilivyoenea bila waraka wa wizara

Mfano unaojulikana zaidi ni programu iitwayo ClassDojo. Ilianzishwa mwaka 2011 na vijana wawili kutoka Uingereza, Sam Chaudhary, aliyewahi kufundisha, na Liam Don, mtaalamu wa kompyuta. Wawili hao walikwenda California nchini Marekani kuitafutia kampuni yao mtaji na msaada. Jina hilo limetokana na neno la Kijapani, dojo, lenye maana ya ukumbi wa mazoezi ya karate, judo na michezo mingine ya kujihami.

Matumizi yake ni mepesi. Mwalimu huandikisha darasa lake, na kila mtoto hupewa katuni ya zimwi dogo lenye rangi. Mwalimu huchagua tabia anazotaka kuzihimiza, kwa mfano kufanya kazi kwa bidii, kushiriki katika somo au kumsaidia mwenzake, na zile anazotaka zipungue. Pia huamua kila tabia ina uzito wa alama ngapi. Siku inapokwisha, programu hutoa muhtasari kwa mchoro wa duara wenye sehemu ya kijani na sehemu nyekundu.

Mwalimu hatozwi fedha. Kampuni hupata mapato kwa kuwauzia wazazi huduma za ziada. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake kwa kasi. Haikuhitaji zabuni wala waraka wa wizara. Mwalimu mmoja mmoja aliweza kuipakua jioni na kuanza kuitumia asubuhi, mara nyingine kabla mwalimu mkuu hajajua.

Zipo nyingine za aina hiyo. Shule za Uingereza hutumia Class Charts, inayounganisha mpangilio wa kukaa na kumbukumbu za tabia. Shule za Marekani zina PBIS Rewards, ambapo mwanafunzi hukusanya alama na kuzitumia kama fedha kwenye duka dogo la shule. Nchini Canada, mwalimu wa fizikia wa jimbo la Quebec, Shawn Young, alibuni Classcraft, mchezo ambamo wanafunzi walikuwa wapiganaji, wachawi na waganga waliokuwa wakipata au kupoteza nguvu kulingana na mwenendo wao darasani.

Habari za Classcraft zina funzo moja. Mwaka 2023 ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Houghton Mifflin Harcourt, na mwaka uliofuata mchezo ule wa awali ukaondolewa. Walimu waliokuwa wamejenga utaratibu wao wote wa nidhamu juu yake walilazimika kuanza upya. Chombo cha kukodi hakina uhakika wa kuwapo mwakani.

Wazo kongwe lenye nguo mpya

Kumlipa mtoto kwa alama si uvumbuzi wa karne hii. Mwaka 1798 kijana Joseph Lancaster alianza kuwafundisha watoto wa maskini katika eneo la Southwark, London. Shule yake ya barabara ya Borough ilikuja kuwa na mamia ya watoto chini ya mwalimu mmoja, na iliwezekana kwa sababu wanafunzi wakubwa walipewa kazi ya kuwafundisha na kuwasimamia wadogo. Kiranja wa shule za leo anafanana sana na wasaidizi hao.

Lancaster alipinga kuchapa watoto. Aliyefanya vizuri alipewa tiketi, na tiketi zikifikia idadi iliyowekwa zilibadilishwa kwa zawadi. Hata hivyo, aliyekosea aliweza kufungwa gogo shingoni, au kutiwa kwenye kikapu na kuning'inizwa darini mbele ya wenzake. Fimbo iliondoka, aibu ikachukua nafasi yake. Jambo hilo lina uzito hadi leo.

Msingi wa kisayansi ulikuja baadaye. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba tabia inayofuatiwa na matokeo mazuri huelekea kurudiwa, na kwamba kadiri matokeo hayo yanavyokuja upesi ndivyo yanavyokuwa na nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Teodoro Ayllon na Nathan Azrin walilijaribu wazo hilo katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Anna, jimbo la Illinois. Wagonjwa waliofanya kazi ndogondogo au kujitunza walipewa sarafu za bandia walizoweza kuzibadilisha kwa vitu na nafasi walizozipenda. Utaratibu huo ulihamia mashuleni, kwanza kwa nyota za karatasi na vibandiko, na sasa kwa simu.

Kwa nini alama husaidia

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Darasani, kibaya hujitembeza kweli kweli, lakini chema mara nyingi hakijiuzi. Mtoto anayepiga kelele huonekana mara moja, ilhali aliyekaa kimya akimaliza hesabu zake anaweza kupita muhula mzima bila kusikia jina lake likitajwa kwa wema.

Hapo ndipo alama hutoa msaada wake wa kwanza. Humlazimisha mwalimu kuangalia upande wa pili. Anayetakiwa kutoa alama za kijani hana budi kuwatafuta waliofanya vyema, na kwa kufanya hivyo hubadilika yeye mwenyewe kabla ya wanafunzi. Wataalamu wengi wa nidhamu nchini Marekani hushauri kwamba kwa kila karipio moja mwalimu awe ametoa sifa nne au tano.

Msaada wa pili ni wakati. Zawadi ya mwisho wa muhula iko mbali mno kwa mtoto wa miaka saba. Alama inayotolewa papo hapo humwonyesha tendo lenyewe lililopendeza. Wa tatu ni uwazi. Kumwambia mtoto "kuwa na adabu" ni kumpa fumbo, lakini "umesubiri zamu yako bila kumsukuma mwenzako" ni neno analoweza kulishika na kulirudia kesho.

Mambo hayo matatu, yakichunguzwa, hayahitaji umeme. Simu huyarahisisha tu. Tena huweza kuyaharibu, kwa kuwa ni rahisi kugusa kitufe na kunyamaza. Kengele ikilia bila mwalimu kusema kwa nini, mtoto hubaki na hesabu bila maana yake.

Zawadi inapomaliza hamu

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawagawa katika makundi matatu. La kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora. La pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti hicho kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa chochote.

Baada ya wiki moja hadi mbili, kalamu ziliwekwa tena darasani bila ahadi yoyote. Watoto wa kundi la kwanza walizitumia kwa takriban nusu ya muda walioutumia wenzao wa makundi mengine. Kuchora kulikuwa mchezo; ahadi ya cheti iligeuza mchezo kuwa kibarua, na ujira ulipokoma kibarua nacho kikakoma. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu.

Ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walichambua majaribio 128 na kuhitimisha kwamba zawadi za vitu zilizoahidiwa mapema hupunguza hamu ya ndani, na kwamba madhara hayo ni makubwa zaidi kwa watoto kuliko kwa wanafunzi wa vyuo.

Matokeo hayo hayasemi kwamba alama zisitolewe kamwe. Yanasema zisitolewe kwa jambo ambalo mtoto tayari analipenda. Mtoto anayependa kusoma hadithi hahitaji alama ya kusoma. Anayeshindwa kukaa chini kwa dakika tano anaweza kusaidiwa na alama hadi atakapozoea, na akishazoea, alama zipunguzwe pole pole hadi ziishe.

Aibu iliyobandikwa ukutani

Walimu wengi hulionyesha ubao wa alama kwa darasa zima kwa projekta. Kila mtoto huona yake na ya wenzake. Kwa walio juu ni furaha. Kwa aliye chini, ambaye mara nyingi ni yule yule kila wiki, ni tangazo la kudumu kwamba yeye ndiye mbaya wa darasa.

Mtoto huyo huenda hana ukaidi wowote. Anaweza kuwa haoni ubao vizuri, au amekuja bila kunywa chai, au ana tatizo la kimaumbile linalomzuia kutulia. Alama nyekundu haitofautishi njaa na utundu. Zaidi ya hapo, mtoto aliyekwisha kujiona hawezi kuwafikia wenzake huacha kujaribu, kwa kuwa hana tena cha kupoteza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Australia, katika makala yao ya mwaka 2019 kuhusu ClassDojo, walionya kwamba programu za aina hiyo zinageuza nidhamu kuwa takwimu, na darasa kuwa mahali pa kuangaliwa wakati wote. Mtoto hujifunza kuonekana mwema mbele ya simu. Kuwa mwema pale ambapo hakuna anayehesabu ni somo jingine.

Programu nyingi zina nafasi ya kuzima alama nyekundu au kuficha hesabu za kila mtoto, na badala yake kulihesabia darasa zima kwa pamoja. Uamuzi ni wa mwalimu, na ni uamuzi mzito kuliko ule wa kuchagua programu ipi itumike.

Taarifa zisizotupwa

Tofauti kubwa kati ya simu na karatasi ya kiranja ni kwamba simu haisahau. Novemba 2014 gazeti la The New York Times liliandika kuhusu wasiwasi wa wazazi na wataalamu wa sheria kwamba kumbukumbu za tabia za watoto wadogo zilikuwa zikirundikana mikononi mwa kampuni binafsi. Baadaye mwezi huo huo ClassDojo ilitangaza kwamba ingezihifadhi kumbukumbu hizo kwa mwaka mmoja tu wa masomo.

Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Aprili 2014, inBloom, mradi mkubwa wa kukusanya taarifa za wanafunzi nchini Marekani uliofadhiliwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates, ulitangaza kufungwa baada ya wazazi kuupinga. Desemba 2024 wahalifu wa mtandao waliingia katika mfumo wa PowerSchool, unaotumiwa na shule nyingi za Amerika Kaskazini, na kuiba taarifa za mamilioni ya wanafunzi na walimu.

Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayozitaka kampuni za intaneti kupata ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Afrika Mashariki nayo haiko nyuma kwa maandishi. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Sheria hizo zina meno. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Mwalimu anayeingiza majina ya wanafunzi na makosa yao katika programu ya kampuni ya nje, bila kuwauliza wazazi, anaweza kujikuta upande mbaya wa sheria hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mwalimu aliyewekewa fimbo pembeni

Kwa Afrika Mashariki, suala hili linagusa jambo zito kuliko kelele za darasani. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inaviruhusu, ila kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, na kila adhabu iandikwe kitabuni.

Kanuni ni kitu kimoja na darasani ni kingine. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa takriban nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na mwalimu kabla ya kufikia miaka 18. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni, na mwalimu akashtakiwa kwa mauaji.

Mwalimu anayeambiwa aache fimbo ana haki ya kuuliza ashike nini badala yake. Vifaa vimeanza kupatikana. Kenya ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kumalizika.

Hata hivyo, hesabu ya muda haidanganyi. Tuchukue kipindi cha dakika 40. Mwalimu mwenye wanafunzi 90, akitumia sekunde 20 tu kumwangalia kila mmoja na kumpa alama yake, atakuwa ametumia dakika 30. Zitabaki 10 za kufundisha. Programu zilizobuniwa kwa darasa la watoto 25 haziwezi kuhamishwa kama zilivyo hadi darasa ambalo watoto wanne hukalia dawati moja. Kuna pia gharama ya vifurushi vya intaneti, ambayo mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe.

Kuna hatari nyingine inayostahili kufikiriwa kabla ya yote. Alama nyekundu iliyoandikwa saa nne asubuhi humfikia mzazi saa nne hiyo hiyo. Katika nyumba ambamo kiboko bado ndicho kinachojulikana kama malezi, ujumbe huo unaweza kuwa hukumu. Mtoto atakuwa amenusurika fimbo ya shule na kuikuta ya nyumbani ikimsubiri mlangoni, kwa kosa ambalo mwalimu alikwisha kulisahau. Mwalimu atajivunia darasa lisilo na viboko, kumbe viboko vimehama tu.

Ujumbe huo huo unaweza kwenda kinyume kabisa. Wazazi wengi huitwa shuleni kwa mabaya tu, hivi kwamba wito wa mwalimu mkuu ukifika, moyo huruka. Ujumbe mfupi wa simu ya kawaida unaosema mtoto wako leo amemsaidia mwenzake kusoma hugharimu shilingi chache na unaweza kubadilisha jioni nzima katika nyumba hiyo.

Ubao na chaki bado vinatosha

Baadhi ya ushahidi wenye nguvu zaidi kuhusu alama haukutokana na kompyuta. Mwaka 1969 watafiti wa jimbo la Kansas nchini Marekani, Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf, walichapisha matokeo ya kile walichokiita Mchezo wa Tabia Njema. Darasa la nne lenye watoto wasumbufu liligawanywa katika timu mbili. Mtoto aliyeondoka kwenye kiti au kuzungumza bila ruhusa aliiletea timu yake alama moja ya kosa ubaoni. Timu yenye alama chache ilishinda, na zote mbili zingeweza kushinda zikibaki chini ya kiwango kilichowekwa. Zawadi zilikuwa za kawaida, kama kutangulia kwenye foleni ya chakula. Kelele na kuzurura vilipungua sana.

Kuanzia mwaka 1985, mchezo huo ulijaribiwa kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za jiji la Baltimore, na watafiti wakawafuatilia hadi walipokuwa na umri wa miaka 19 hadi 21. Vijana wa kiume waliokuwa wakorofi zaidi walipoanza shule, na ambao walipitia mchezo huo, walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakuupitia.

Mchezo huo unafaa darasa kubwa, kwa kuwa mwalimu huhesabu timu na si watoto 90. Mwisho wa kipindi ubao hufutwa. Tahadhari yake ni kwamba mtoto mmoja asiachwe abebeshwe lawama za timu nzima. Akishindwa mara kwa mara, mwalimu akae naye pembeni na kutafuta chanzo.

Ushahidi mwingine uko jirani zaidi. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitayarisha mwongozo unaozisaidia shule kujenga nidhamu bila vipigo, kwa kuwahusisha walimu, wanafunzi na uongozi katika kutunga na kusimamia kanuni zao. Mwongozo huo ulijaribiwa katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero nchini Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health yalionyesha kuwa, baada ya miezi 18, hatari ya mwanafunzi kupigwa na watumishi wa shule ilikuwa imepungua kwa asilimia 42. Hakuna simu iliyohitajika.

Kabla ya kugusa kitufe

Shule inayotaka kutumia alama za kompyuta haina sababu ya kuziogopa, mradi ijiulize maswali machache. Je, wazazi wameelezwa na wameridhia? Je, kila alama itaandamana na neno linalosema mtoto amefanya nini? Je, makosa yatazungumzwa faraghani, mbali na ubao wa darasa? Je, kumbukumbu zitafutwa lini, na nani atahakikisha zimefutwa? Je, programu ikifungwa kesho, mwalimu atabaki na njia ya kuongoza darasa?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Mwalimu aliyejizoeza kuwatafuta watoto wanaofanya vyema na kuwaambia hivyo kwa majina yao ana nidhamu darasani akiwa na kishikwambi au akiwa na kipande cha chaki. Asiyejizoeza hivyo atakigeuza kishikwambi kuwa orodha ya wapiga kelele, na orodha hiyo haitatupwa jioni kama ile ya kiranja. Itabaki, ikiwa na jina la mtoto wa miaka saba na kosa alilolifanya siku aliyokuja shuleni bila kunywa chai.